Kutoka kiwanjani hadi barabarani: siasa ya wapenzi wa mpira katika Kongo

Jumapili, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, V.Club ilishindwa na Mikado kwenye kiwanja cha Roi Baudouin mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Ilikuwa mechi ya kawaida, ya ekipe mbili za mji mmoja, na kama si yale yaliyotokea baada ya filimbi ya mwisho, hakuna mtu angeikumbuka leo. Wapenzi wa V.Club walitoka kwa maelfu, na hasira ile inayojulikana na kila mtu ambaye ekipe yake imepigwa. Njia ya kurudi makwao iliwapitisha karibu na nyumba ya YMCA, katika komini ya Kalamu. Pale YMCA palikuwa na watu wengine, wenye hasira ya aina nyingine.

Chama cha ABAKO kilikuwa kimeita watu kwa mkutano. Wiki moja kabla, tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili, Patrice Lumumba, aliyekuwa ametoka kwenye mkutano wa Waafrika huko Accra, alikuwa ameongea mbele ya umati mkubwa mjini humo humo, na ABAKO haikutaka kubaki nyuma. Lakini mara hii wakubwa wa Kibelgiji hawakutoa ruhusa. Joseph Kasa-Vubu, kiongozi wa chama, akawaambia watu wasubiri siku nyingine na warudi nyumbani kwa utulivu. Wengi hawakusogea. Ugomvi mdogo ukaanza, polisi wakaingilia, risasi zikalia. Na ni wakati huo huo wale wa kiwanjani walipofika.

Yaliyofuata yalidumu siku kadhaa. Maduka ya Wareno na Wagiriki yalivunjwa na kubebwa, shule na misheni zikachomwa, magari ya wazungu yakapigwa mawe. Jeshi la Force Publique likaingia mitaani. Serikali ya Ubelgiji ilitangaza wafu zaidi kidogo ya 40. Wakaaji wa mji, waliozika watu wao wenyewe, walihesabu mamia. Kasa-Vubu akafungwa, ABAKO ikavunjwa. Na tarehe 13 ya mwezi ule ule, mfalme Baudouin, yule yule ambaye jina lake liliandikwa juu ya kiwanja, akasema kwenye redio kwamba Kongo itapata uhuru. Mwaka mmoja na nusu baadaye ukapatikana.

Kila tarehe 4 mwezi wa kwanza nchi inapumzika kwa heshima ya mashujaa wa uhuru. Shuleni mwalimu huwataja ABAKO, Kasa-Vubu, YMCA. Mpira mara nyingi hausemwi, labda kwa sababu unaonekana jambo dogo la kuwekwa kando ya mambo makubwa kama uhuru. Lakini sehemu nzuri ya umati ule ilitoka kutazama V.Club.

Je, wale wapenzi walikuwa watu wa ABAKO? Hapa ndipo mtu anapaswa kutulia na kufikiri. ABAKO ilikuwa chama cha Bakongo, na kilianza kama jumuiya ya kulinda lugha yao. Léopoldville ilikuwa imejaa watu kutoka pembe zote: wa mto, wa Kasaï, wa mashariki, wa Angola. Mtu aliyelipa tiketi ili aone V.Club hakuwa amelipa ili amsikilize Kasa-Vubu, na wengi wao, kura ilipokuja 1960, waliwapa wengine sauti zao. Na hata hivyo siku ile walijiunga. Hakuna aliyewahubiria. Walichokuwa nacho tayari walikibeba toka nyumbani: kazi iliyopungua tangu uchumi uanguke, mwaka ule wa 1958 ambapo vijana wengi walizunguka mji bila ajira, makaratasi ya kuonyesha kila mara, amri ya kutoonekana usiku katika mji wa wazungu, kuitwa kwa "wewe" na mtu wa rika la mtoto wako. Kiwanja kiliwakusanya tu, kikawafanya waone kwamba ni wengi.

Wabelgiji hawakujenga kiwanja kwa sababu hiyo. Walitaka kinyume chake. Padri Raphaël de la Kethulle, ambaye mji wote ulimwita Tata Raphaël, alikuwa mmisionari wa Scheut aliyeupenda mpira kwa moyo wake wote, na tangu 1919 aliwakusanya vijana katika chama cha michezo. Serikali ilimwunga mkono kwa hesabu zake yenyewe. Kijana anayekimbia nyuma ya mpira hanywi pombe, haendi kwenye mikutano ya siri, na jioni anachoka analala. Kiwanja cha Roi Baudouin kilipofunguliwa 1952 kilikuwa kati ya viwanja vikubwa vya Afrika, na kikawa mojawapo ya mahali pachache sana ambapo maelfu ya Wakongomani waliweza kukutana bila kuomba ruhusa ya mtu. Mkutano wa chama uliweza kukatazwa. Mechi ya V.Club, nani angeikataza?

Dalili ilikuwa imekwisha kuonekana. Tarehe 16 mwezi wa sita 1957, ekipe ya Ubelgiji iitwayo Union Saint-Gilloise ilikuja kucheza na Wakongomani wa Léopoldville kwenye kiwanja kile kile. Wabelgiji wakashinda 4 kwa 2. Muamuzi alikuwa Mbelgiji pia, na alikataa magoli ya Wakongomani ambayo watu wote, kwa macho yao, waliyaona ni halali. Kila mpenzi wa mpira duniani huamini kwamba muamuzi amemwibia. Hilo si neno jipya. Jipya lilikuwa kwamba siku ile muamuzi, ekipe iliyoshinda, polisi waliozunguka kiwanja na serikali ya mji wote walikuwa wa rangi moja. Watu walipotoka, mawe yakaanza kuruka juu ya magari ya wazungu. Makumi ya watu waliumizwa.

Tarehe hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine. Mwezi wa sita 1957, Mkongomani wa Léopoldville alikuwa hajapiga kura hata siku moja maishani mwake. Kura ya kwanza, ya wakubwa wa komini, ilikuja tu mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule, katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Basi kabla hajapewa karatasi ya kuchagua, alikuwa amekwisha kujifunza kuchagua upande kwa sauti, kwa kuzomea na kushangilia, kwenye ngazi za saruji za kiwanja.

Tangu hapo kila aliyeshika madaraka alielewa nguvu iliyomo mle, na alitaka kuitia mfukoni. Njia rahisi ni kubadilisha jina. Kiwanja cha Roi Baudouin kilikuja kuitwa cha 20 Mai, tarehe ya kuzaliwa kwa chama cha MPR cha Mobutu mwaka wa 1967. Mobutu alipoanguka kikapewa jina la Tata Raphaël, ambalo wakaaji wa zamani walikuwa wakilitumia moyoni. Kile cha Reine Astrid kikawa 24 Novembre, siku ya mapinduzi ya 1965, kisha kikawa Kardinali Malula. Kiwanja kikubwa kipya cha Kinshasa kilianza na jina la Kamanyola, kumbukumbu ya vita ambayo Mobutu alijisifu nayo. 1997 kikageuzwa kuwa kiwanja cha Mashujaa, yaani cha wale wanne ambao Mobutu aliwanyonga hadharani siku za Pentekoste, mwezi wa sita 1966. Lubumbashi, kiwanja kilichoko komini ya Kenya kina jina la Frédéric Kibassa Maliba, mmoja wa waanzilishi wa UDPS. Mtu akitaka kufundisha watoto historia ya nchi hii bila kitabu, awatembeze kwenye milango ya viwanja tu.

Mobutu ndiye aliyeenda mbali kuliko wote. Aliwaita warudi nyumbani wachezaji Wakongomani waliokuwa wakicheza Ubelgiji, akaipa ekipe ya taifa jina la mnyama aliyemvaa kichwani, chui, na kwa muda fulani mavuno yakawa mengi. 1968, huko Addis Ababa, goli la Kalala liliipiga Ghana 1 kwa 0 na kombe la Afrika likaja Kinshasa. Mwaka ule ule na uliotangulia, Englebert ya Lubumbashi, ambayo sasa ni TP Mazembe, ilibeba kombe la vilabu vya Afrika. Jambo hili la pili lina uzito wake. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo mwaka wa 1960, na kutengana huko kuliisha mwanzoni mwa 1963, kwa damu nyingi. Miaka minne hivi baadaye, ekipe ya Lubumbashi inashangiliwa katika redio za Kinshasa na Kisangani kama ekipe ya wote. Wanasiasa wangehitaji mikutano mingapi ili wapate kitu kama hicho?

Halafu ikaja 1974, mwaka ambao wazee wa mpira wanaweza kuusimulia usiku kucha. Mwezi wa tatu, Ndaye Mulamba alitia magoli 9 katika kombe la Afrika huko Misri, hesabu ambayo haijapitwa katika mashindano mamoja ya kombe hilo. Fainali na Zambia ilichezwa mara mbili, 2 kwa 2 kisha 2 kwa 0, na magoli yote manne ya Zaïre yalikuwa yake. Wachezaji walipewa nyumba na magari. Mwezi wa sita wakaenda Ujerumani, ekipe ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika kombe la dunia. Walishindwa 2 kwa 0 na Scotland, kisha 9 kwa 0 na Yugoslavia, kisha 3 kwa 0 na Brazil. Dunia nzima ilicheka ilipoona Mwepu Ilunga akitoka kwenye ukuta wa mabeki na kuupiga mpira wa Wabrazil kabla wao hawajaupiga. Miaka mingi baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba malipo waliyoahidiwa hayakuwafikia, na kwamba watu wa Mobutu waliwatisha: wakifungwa zaidi ya matatu na Brazil, wasifikirie kurudi nyumbani. Waliporudi hakuna rais aliyewapokea. Ndaye alikufa mwaka wa 2019 huko Afrika ya Kusini, mbali na nyumba na magari yote.

Miezi minne baada ya aibu ya Ujerumani, Mobutu alileta kitu kingine: ngumi. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana katika kiwanja cha 20 Mai, usiku wa manane, ili Marekani itazame kwa saa yake. Wote wawili walikuwa weusi, wote wawili wageni, na Foreman ndiye bingwa, mwenye nguvu kuliko Ali kwa macho ya wote. Kwa mpenzi wa Kinshasa hakukuwa na sababu ya kabila wala ya mji ya kumchagua mmoja. Foreman akashuka ndegeni na mbwa wake, mbwa mkubwa wa Kijerumani. Wakaaji wa mji walimjua mbwa wa aina ile. Polisi wa Kibelgiji walikuwa nao, na haikuwa imepita miaka mingi. Ali kwa upande wake alitembea mitaani, akaongea na watoto, akasema amerudi nyumbani. Alikuwa pia mtu aliyekataa kwenda kupigana Vietnam na akanyang'anywa taji kwa ajili hiyo. Basi mji wote ukawa wa Ali. "Ali, boma ye", Ali mwue, ilisikika toka mazoezini hadi raundi ya 8, Foreman alipoanguka. Mobutu mwenyewe alitazama pambano kwenye televisheni, nyumbani. Alilipa mamilioni ya dola ili dunia iseme jina lake, na watu waliokuwa ndani ya kiwanja chake wakaimba jina la mtu aliyejulikana kwa kuikatalia serikali yake.

Miaka ya mwisho ya Mobutu tuipite haraka. Pesa ziliisha, viwanja vikaota majani, wachezaji wakatafuta njia ya Ulaya.

Kilichokuja baada yake ni desturi ya mkubwa na ekipe yake. Serikali haikuwa na pesa za kulisha mpira wote, kwa hiyo kila kilabu kikubwa kilitafuta baba. Moïse Katumbi alishika TP Mazembe mwaka wa 1997, akawa gavana wa Katanga mwaka wa 2007. V.Club kwa miaka mingi iliongozwa na jenerali Gabriel Amisi. Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi, ekipe ya wafanyakazi wa reli tangu 1939, ilikuja kuwa mikononi mwa Jacques Kyabula alipokuwa gavana wa Haut-Katanga. Si siri wala si kosa la sheria. Mpenzi wa kawaida anajua vizuri kwamba bila baba hakuna basi, hakuna ndege, hakuna mishahara. Lakini anajua pia kwamba baba hatoi bure.

Mazembe chini ya Katumbi ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa kumi na mbili 2010, huko Abu Dhabi, ilipiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 na kuingia fainali ya vilabu vya dunia, ambako Inter ya Milano iliishinda 3 kwa 0. Hakuna ekipe ya Afrika iliyokuwa imefika pale. Kipa Kidiaba aliruka kwa matako, na watoto wa Goma, Beni na Kalemie wakaruka kwa matako barabarani. Miaka michache baadaye Kidiaba akaketi katika bunge la jimbo la Haut-Katanga. Mwezi wa tisa 2015 Katumbi aliacha ugavana na kutoka katika chama cha rais Kabila. Mwaka uliofuata alikuwa nje ya nchi, amehukumiwa miaka mitatu bila yeye kuwapo, na kilabu chake kikiendelea kushinda: kombe la shirikisho la Afrika 2016, na tena 2017. Kwa miaka ile, kuvaa jezi nyeupe na nyeusi ya kunguru kulisomwa na askari wengine kama kuvaa kadi ya chama. Na derbi ya Lubumbashi, ambayo zamani ilikuwa ya kartie na kartie, wa reli na wengine, ikaanza kusemwa kama mechi ya mpinzani na gavana.

Hapo ndipo kosa linapoingia, na linafanywa na pande zote. Wanasiasa huhesabu wapenzi kama wapiga kura. Katika uchaguzi wa rais wa 2023 Katumbi alipata, kwa hesabu ya tume, asilimia 18. Mazembe ina wapenzi katika nchi nzima, hadi Kinshasa, hadi Mbuji-Mayi, mji wa watu wengi wa rais Tshisekedi. Mtu anaweza kumpigia kura Tshisekedi asubuhi na jioni akaimbia Mazembe, na hajidanganyi. Kinyume chake, mtu anaweza kumpenda Katumbi na kufa na Lupopo, kwa sababu babu yake alifanya kazi kwenye reli. Ekipe mtu huirithi, kama jina la ukoo. Kura anaibadilisha kadiri bei ya unga inavyobadilika.

Hatari huanza pale serikali inapoamini hesabu hiyo. Tarehe 11 mwezi wa tano 2014, kiwanja cha Tata Raphaël, V.Club na Mazembe. Mazembe inaongoza 1 kwa 0, mwisho umekaribia, wapenzi wa nyumbani wanarusha vitu uwanjani. Polisi wakatupa gesi ya machozi ndani ya kiwanja kilichojaa. Watu wakakimbilia milango, wakakanyagana. Wafu 15 kwa tangazo la serikali. Walikuwa wamekuja kutazama mpira. Kilikuwa kiwanja kile kile cha 1957 na cha 1959, kuta zile zile.

Mwaka wa 2016 wimbo mpya ulizaliwa kwenye ngazi za viwanja vya Kinshasa. Muhula wa Kabila ulikuwa uishe tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili, na wapenzi wakaimba "mandat esili", muhula umekwisha. Waliimba V.Club ikishinda, waliimba ikishindwa, waliimba hata Chui wa taifa walipocheza. Mbaya zaidi kwa wakubwa, watu wa V.Club na watu wa Motema Pembe, ambao hawakubaliani hata juu ya rangi ya anga, waliuimba wote. Siku chache kabla ya tarehe 19 ubingwa wa taifa ulisimamishwa kwa sababu za usalama. Wabelgiji mwaka wa 1959 walikataza mkutano wakasahau mechi; mara hii mechi zilikatazwa pamoja na mikutano.

Huku mashariki hadithi ina sura yake. Kiwanja cha Goma kinaitwa Unité, umoja. Kile cha Kadutu, Bukavu, kinaitwa Concorde, mapatano. Waliovipa majina walikuwa na matumaini makubwa. Tarehe 6 mwezi wa pili 2025, siku chache baada ya kuuteka mji wa Goma, wakubwa wa AFC/M23 walipotaka kuongea na wakaaji, waliwakusanya hapo hapo, katika kiwanja cha Unité. Kila anayeingia katika mji anajua watu wamezoea kukutana wapi.

Lakini mwaka mmoja kabla, karibu siku ile ile, kitu kingine kilitokea, na familia zilizokuwa katika kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya zinakikumbuka. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, Chui walikuwa Abidjan, nusu fainali ya kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Siku hiyo hiyo vita vilikuwa karibu na Sake, na barabara ya kuja Goma ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Wimbo wa taifa ulipoanza, wachezaji wote walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kwenye panja, kama bunduki. Maana yake haikuhitaji mkalimani: watu wanauawa na dunia imefunga mdomo. Kocha Desabre, Mfaransa, alifanya vilevile pamoja nao. Goli la Haller liliitoa Kongo, 1 kwa 0.

Ndani ya hema la plastiki, mbele ya simu moja yenye moto kidogo, alikaa mtu wa Rutshuru na mtu wa Masisi, aliyempigia kura huyu na aliyempigia yule, na yule ambaye hakupiga kabisa kwa sababu Masisi na Rutshuru hazikupiga kura mwaka wa 2023. Vita viliwanyima karatasi ile. Hawa wa leo, kama wale wa mwezi wa sita 1957, walibaki na sauti tu. Usiku ule, kwa dakika moja ya wimbo wa taifa, kuna waliowasemea.

Kwenye masoko yetu, jezi ambazo vijana huvaa zaidi si za V.Club wala za Virunga. Ni za Ulaya, na Arsenal iko mbele. Kuanzia 2018 mkono wa jezi ya Arsenal uliandikwa "Visit Rwanda", kualika watalii waende Rwanda. PSG ya Paris ilifuata 2019, Bayern ya Munich 2023. Serikali ya Kongo na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema Rwanda inaisaidia M23; Rwanda inakana. Kijana aliyekimbia Kibumba, mwenye jezi moja tu, hakuwa na nafasi ya kuchagua maandishi ya mkononi. Wengine waliyakata kwa wembe. Wengine waliyashonea kitambaa. Wengi walivaa hivyo hivyo, maana baridi ya Goma haina siasa.

Mwezi wa pili 2025, waziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia ekipe hizo tatu akiziomba ziache mikataba hiyo. Barua za mawaziri huwekwa kwenye makabati. Safari hii wapenzi wenyewe walijitia ndani. Paris kukawa na orodha ya sahihi. Wapenzi wa Bayern walinyanyua kitambaa kikubwa kiwanjani, wakiulaumu uongozi wa kilabu chao. Wale wa Arsenal walikuja na ujanja wa Waingereza: walitangaza kwamba ni heri kualika watu kwa Tottenham, jirani ambaye mtu wa Arsenal hawezi kumtaja bila kutema mate, na wakagawa vitambaa vya kufunika maandishi yale mkononi. Watu hao hawajawahi kufika Sake. Hakuna chama cha siasa cha Kongo kilichowatuma.

PSG iliongeza mkataba wake hadi 2028. Bayern iliubadilisha wake mwezi wa nane 2025, ukawa wa kufundisha vijana mpira tu. Arsenal ilitangaza mwezi wa kumi na moja kwamba wake utakoma na msimu wa 2025-2026. Kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zimekwisha kubomolewa. Watu walipewa saa 72 waondoke, wakabeba walichoweza. Jezi za zamani bado ziko mgongoni mwa vijana, wengine huko walikorudi, wengine huko walikokimbilia tena, na kwenye mikono mingine kitambaa bado kimeshonwa.